Karatasi za Wandegeya na Ng'ombe wa Mzee

(Andiko la kipindi cha Alhamisi jioni, limechapwa kwa ajili ya waliokosa kusikiliza. Muziki wa kufungua, kisha mtangazaji.)

Salamu kwenu mlio Base Camp, Rubondo na Juru, hapa Nakivale, na kwenu ndugu wa makambi mengine ambao sauti yetu haiwafikii, mnaosoma maneno haya kwenye karatasi. Leo sina mgeni studioni. Niko peke yangu na chupa ya maji, kwa hiyo mtanivumilia.

Nataka kukusimulia habari ya dada mmoja, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Anasomea shahada ya pili katika historia. Anachotafuta ni habari za wakimbizi walioingia Uganda karne iliyopita, hasa miaka ya 1960, na mimi nilikuwa mkalimani wake. Jina lake silitaji, wala la Mzee utakayemsikia hivi punde. Tulikubaliana hivyo.

Baadhi yenu mlimwona. Alikuja mwaka jana mwezi wa saba, kiangazi, vumbi tupu njia nzima kutoka Mbarara. Alikuwa na mkoba, daftari na kinasa sauti kidogo kama kiberiti. Habari zilienea kabla hajashuka kwenye boda. Tulipofika kwenye kivuli cha mti karibu na kisima tulikuta watu kama 40 wamejipanga, kadi za familia mkononi, wengine na picha za watoto. Mtu alikuwa amesema amekuja mama wa kuandikisha watu wa kwenda nje.

Dada akasimama akasema, nami nikatafsiri: "Mimi ni mwanafunzi. Siandikishi mtu. Sina orodha, sina mgao, simjui mtu yeyote Marekani wala Kanada." Nusu ya watu waliondoka saa ile ile. Mama mmoja alinigeukia mimi, hakumgeukia yeye: "Wewe kijana, umetutoa shambani kwa ajili ya hadithi?" Sikuwa na jibu. Nawaambieni kweli, niliona haya.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu wengi huniuliza. Mtafiti anayekuja kambini hapa Uganda hatakiwi kuja mikono mitupu. Anatakiwa awe na kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tunayoiita OPM. Anatakiwa akusomee fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa kabla hajakuuliza swali hata moja. Una haki ya kukataa. Una haki ya kuanza na kuacha katikati. Ukikataa, mgao wako hauguswi na kesi yako haiguswi. Ukiona mtu anakuhoji bila kukuonyesha karatasi yoyote, mwombe karatasi. Huo si utovu wa adabu.

Turudi kwa Mzee. Anakaa upande wa ziwa. Aliingia Uganda akiwa kijana mchungaji, pamoja na baba yake na ng'ombe wao, wakitoka Rwanda baada ya ghasia zilizoanza Novemba 1959. Mnajua kwamba watu wa wakati ule ndio walioifanya Nakivale iwe kambi. Sisi wa Kongo, wa Burundi na wa Somalia tumewakuta. Siku ya kwanza Mzee alikataa. Hakukataa kwa hasira. Alituletea viti, akaketi, akasikiliza fomu yote nikiisoma kwa Kinyarwanda, kisha akauliza:

"Huyu binti akimaliza, atapata nini?"

Nikatafsiri. Dada akajibu: "Nitapata shahada, Mzee."

"Na mimi?"

"Wewe Mzee hupati kitu. Nitakuletea maneno yako yakiwa yameandikwa, basi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema turudi baada ya wiki moja.

Nimekuwa mkalimani wa watu wengi hapa, wa mashirika na wa vyuo, na sijawahi kutafsiri neno "hupati kitu." Wengine huzunguka: maoni yako yatasaidia kuboresha huduma. Nimeitafsiri sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuisema usingizini.

Tuliporudi Mzee alikuwa amevaa koti. Alizungumza saa mbili kasoro. Alianza polepole, akiangalia kinasa sauti kama mtu anayeangalia mbwa asiyemjua. Alieleza walivyotembea usiku, walivyopokelewa, nyasi zilivyokuwa ndefu hapa ambapo leo kuna nyumba na soko. Kisha akafika kwenye ng'ombe, na hapo sauti yake ilibadilika. Alisema walivuka na ng'ombe 23 na baada ya misimu michache walibaki na 4. Mbung'o. Sehemu hii ilikuwa na mbung'o wakati ule, na ng'ombe waliotoka nyanda za juu hawakuweza kuvumilia. Mzee aliwataja mmoja mmoja kwa jina: yule mwenye pembe zilizopinda, yule aliyezaa mapacha, yule aliyemfuata baba yake kama mtoto. Alitaja pia mahali kila mmoja alipoangukia. Mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye, nchi nyingine, na kwetu tulikuwa na mbuzi tu, lakini nilishindwa kutafsiri haraka. Dada akaniambia kwa Kiingereza, polepole tu, hatuna haraka.

Akafika mwaka 1982. Wazee mnaukumbuka. Kwa walio wadogo nieleze kwa ufupi: mwaka huo, sehemu za Mbarara za wakati ule, watu wengi wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika makazi yao, hata waliokaa miaka mingi. Wengine walivuka mpaka kwenda Rwanda, wengine wakakimbilia humu Nakivale na kule Oruchinga. Hayo yamo vitabuni. Mzee akanyoosha mkono, akaufunika ule mtambo kwa kiganja. "Hapa uzime." Dada akauzima, akaufungia mkobani, akaweka kalamu chini. Mzee akaendelea kusema kwa muda, nasi tukasikiliza.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Betri ya kile kinasa sauti ilikuwa na wasiwasi, na asubuhi ile tulikubaliana, na Mzee akakubali, kwamba simu yangu irekodi pia kama akiba. Ilikuwa katika mfuko wa shati. Dada alipozima mtambo wake, simu yangu iliendelea. Sikukumbuka. Usiku, nikitafuta wimbo, nikaona faili ya saa mbili na dakika kadhaa.

Nikaisikiliza. Yote.

Mimi ni mtangazaji. Wewe msikilizaji unaijua kazi yetu: tunatafuta sauti, na sauti nzuri hazipatikani. Ile ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kushika mkononi. Kwa siku mbili sikumwambia mtu. Nilijiambia nitaihifadhi tu, haitatoka hewani, huenda siku moja familia yake itaitaka. Siku ya tatu nikampigia dada, alikuwa amesharudi Kampala. Akanyamaza hadi nikadhani muda wa maongezi umeisha. Kisha akasema: "Hiyo si yako wala si yangu. Nenda kamwambie."

Nilikwenda kwa miguu ingawa nilikuwa na pesa ya boda. Mzee alinisikiliza akichonga mpini wa jembe. Akauliza, "Umesikiliza?" Nikasema ndiyo. "Yote?" Yote. Akaweka kisu chini. Akataka nimwonyeshe namna ya kufuta. Nikamwonyesha, lakini sikubonyeza. Aliubonyeza mwenyewe kwa kidole gumba. Kioo kikawa kitupu. Kisha akaniuliza, "Imekwenda wapi?"

Sikuweza kumjibu, na hata leo nikifikiri sijui ningemwambia nini.

(Muziki mfupi.)

Mwezi wa pili mwaka huu nilipata nafasi ya mafunzo ya redio Kampala, siku tatu. Nikaomba barua ya safari, nikapanda taksi hadi Mbarara, kisha basi. Ambao hamjafika Kampala, jueni kwamba mtu wa kambini anaposhuka pale kwenye vituo vya katikati ya mji anajiona kama jani majini. Magari, wito wa makondakta, na wale ndege wakubwa wenye vipara wanaosimama juu ya taa za barabarani kama wazee wa baraza. Nililala kwa binamu yangu Katwe. Siku ya nne, badala ya kupanda basi la asubuhi, nilikwenda na dada Wandegeya, kwa sababu alikuwa amenialika nione mahali anapofanya kazi.

Wandegeya ni chini ya kilima cha Makerere. Wengi wanaijua kwa kuku wa kuchoma na chapati ya mayai inayoitwa rolex. Lakini hapo hapo kuna jengo la Nyaraka za Taifa, ambamo serikali inatunza karatasi zake za zamani. Zamani karatasi hizo zilikuwa Entebbe, ambako Waingereza walikuwa na makao yao ya utawala, zimerundikwa chini kabisa ya jengo la ofisi. Watu wa Makerere pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walishiriki kuzipanga na kuziandikia orodha, kisha zikahamishiwa Kampala.

Unaingia, unajiandikisha, mkoba unauacha. Unaagiza faili kwa namba, unasubiri. Faili linakuja limefungwa kwa uzi. Nilidhani mtu anayesoma historia anasoma vitabu vyenye hadithi. Dada anasoma barua za maofisa wakiandikiana wao kwa wao. Huyu anauliza nani atalipia blanketi. Yule anajibu kwamba swali la blanketi lilishajibiwa kwenye barua ya mwezi uliopita. Mahindi magunia kadhaa. Watu kadhaa, wanaume, wanawake, watoto. Ng'ombe kadhaa. Nilifunua kurasa labda 60 na sikuona jina la mkimbizi hata moja. Nilianza kusinzia, nakiri, na dada akanipiga kiwiko. Akasema yeye alikaa miezi mitatu hivyo kabla hajapata ukurasa mmoja uliomfaa. Siku nyingine analeta ombi la faili na jibu linarudi kwamba halionekani. Siku nyingine umeme hauko. Aliniambia pia juu ya ule moto wa Septemba 2020 ulioteketeza jengo kuu la Makerere, lile jeupe lenye mnara, na kwamba tangu siku ile kila ukurasa anaoruhusiwa kuupiga picha anaupiga mara mbili.

Ndipo nikamuuliza: kama karatasi zipo Kampala, kwa nini ulikuja kutusumbua kambini? Akanionyesha rundo lile la blanketi na magunia, akasema, "Humu kila mtu anasema isipokuwa waliokimbia."

Tulipotoka kula akanisimulia jambo ambalo sikulijua, na ninyi wengi najua hamlijui. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uganda ilikuwa na wakimbizi Wazungu. Ndiyo, Wazungu. Wapolandi. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Warusi mwaka 1940 na 1941 kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Walipoachiliwa walipitia Iran, wakapandishwa meli hadi Afrika Mashariki. Wapatao 7,000 waliletwa Uganda na kugawanywa kambi mbili: Nyabyeya, karibu na Masindi, na Koja, kando ya Ziwa Victoria. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Walikuwa na shule zao, hospitali, mashamba. Pale Nyabyeya walijenga kanisa, na mpaka leo limesimama. Makaburi yao yapo pia. Vita vilipokwisha wengi hawakurudi kwao, walikwenda Uingereza, Australia, Kanada. Yaani walihamishiwa nchi ya tatu. Neno lile lile linalotukosesha usingizi sisi.

Nilicheka niliposikia, sijui kwa nini. Labda nilimfikiria mama wa Kipolandi amesimama kwenye foleni na bakuli.

Dada alisema tofauti yao na watu wa miaka ya 1960 ni hii: Wapolandi waliandika. Waliandika barua na kumbukumbu, walipiga picha, na watoto wao walipokua walichapisha. Ukitaka kujua mtoto wa Koja alikula nini, kuna mahali pa kusoma. Ukitaka kujua mtoto wa Nakivale ya 1963 alikula nini, kuna hesabu ya magunia, na kuna wazee wachache, na wazee wanapungua.

Tuliporudi ndani akanionyesha ukurasa alioutafuta: hesabu ya mifugo ya sehemu ile ambayo Mzee alituambia walifikia. Tarehe ya karatasi ilikuwa 1963. Mimi moyo ulinidunda. Mzee alikuwa amesema walifika kabla ya Uhuru wa Uganda, yaani kabla ya Oktoba 1962. Alikumbuka kwamba walisikia ngoma za Uhuru wakiwa tayari hapa. Nikasema, "Kwa hiyo Mzee alikosea." Nilisema "alikosea" kwa heshima. Neno lililokuwa kichwani mwangu lilikuwa jingine.

Dada hata hakushtuka. Akauliza: "Hii ni tarehe ya nini?" Nikasema ya ng'ombe. "Ya ng'ombe kufanya nini?" Nikatazama tena. Ya ng'ombe kuhesabiwa. "Aliyehesabu alikuja siku aliyopata gari na karani," akasema. "Mzee hakuambii siku alipohesabiwa. Anakuambia siku alipofika. Zote mbili zinaweza kuwa kweli."

Nilinyamaza. Nilikuwa namfikiria mama yangu.

Sisi tulitoka Rutshuru Oktoba 2008, vita vilipofika. Nilikuwa mtoto lakini naikumbuka njia. Tulivuka Bunagana, tukakaa miezi kwa jamaa upande wa Kisoro, tukiamini tutarudi. Hatukurudi. Tulipofika kambini na kuandikishwa ilikuwa Machi 2009, na Machi 2009 ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi yetu kama siku ya kufika. Miaka ikapita. Siku moja mama akaitwa kwenye mahojiano, ofisi gani nisiitaje. Akaulizwa uliingia Uganda lini, akasema Oktoba 2008. Wakamwonyesha karatasi. Mbona hazilingani? Mama yangu hajasoma. Aliogopa, akadhani amefanya kosa la jinai, akasema basi ni Machi. Sasa kwenye faili kuna maneno mawili ya mama, na yanapingana, na kesi imesimama hadi leo. Nyumbani tulimlaumu. Mimi pia nilimlaumu. Nilimwambia, mama, kwa nini hukushika neno moja?

Pale Wandegeya, mbele ya hesabu ya ng'ombe waliokufa zamani, nilielewa kwamba mama alikuwa na neno moja tangu mwanzo.

Nilimwomba dada amwandikie mama barua. Alikataa, na sikufurahi. Alisema barua ya mwanafunzi wa historia haina uzito wowote ofisini, ingempa mama tumaini la bure. Akashauri twende kwa wanaotoa msaada wa kisheria kambini, tueleze tarehe zote mbili: siku ya kuvuka na siku ya kuandikishwa, na tuseme katikati tulikaa wapi na kwa nani. Tumefanya hivyo. Jibu bado. Siwezi kukuambia kwamba itafaulu. Lakini wewe unayenisikiliza, kama tarehe yako ya kuvuka na tarehe yako ya kuandikishwa ni mbalimbali, usisubiri kuulizwa ndipo ushtuke. Andika zote mbili leo nyuma ya daftari la mtoto, na jina la mahali mlipokaa katikati. Na ukikuta katika faili yako kosa la herufi au mwaka, uliza namna ya kusahihisha mapema.

Kabla sijaondoka Kampala dada alinieleza kitu kingine kinachohusu kazi yetu ya redio. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, lilipatikana kabati lenye picha za zamani zipatazo 70,000, bado ni filamu, nyingi hazijawahi hata kusafishwa kwenye karatasi. Nyingi ni za wakati wa Idi Amin. Wapiga picha wa serikali walikuwa wamezipanga kwenye bahasha, kila bahasha imeandikwa tarehe na tukio. Baadhi zilionyeshwa Makumbusho ya Uganda, pale Kampala, mwaka 2019. Watu walikwenda wakaona mikutano, sherehe, rais akiongea, rais akicheza. Watu waliouawa miaka ile hawakuonekana kwenye picha hizo. Kamera ilikuwa inamfuata rais.

Niliporudi hapa studioni nilimuuliza fundi wetu: rekodi zetu za miaka iliyopita ziko wapi? Akanionyesha kadi tatu za kumbukumbu. Kadi ikijaa tunafuta, tunarekodi upya. Yule mama wa Juru aliyeeleza alivyojifungua njiani, mliompigia simu nyingi, tumemfuta. Wimbo wa watoto wa Rubondo wa siku ya mkimbizi duniani, tumeufuta. Hatuna bahasha, hatuna tarehe, hatuna kabati. Faili moja niliyoilinda siku mbili kwa wivu ndiyo niliyotakiwa kuifuta, na zile za kutunza tulikuwa tunazifuta kila mwezi bila kuwaza. Tumeomba kadi nyingine na daftari. Kadi hazijaja. Daftari nimenunua mwenyewe.

Mwezi wa nne dada akarudi Nakivale kama alivyoahidi, na kurasa 14 zilizochapwa, kwa Kinyarwanda. Kuna mwenzake Makerere aliyezitafsiri nazo tukazilipia soda. Mzee haoni vizuri siku hizi, kwa hiyo nilizisoma mimi, kwa sauti, nje ya nyumba yake, wajukuu wakisikiliza. Mwaka 1982 haumo. Pale ulipokuwa kuna mstari mmoja unaosema kwamba msimulizi aliomba mtambo uzimwe. Nilipofika kwenye mstari huo nilisita, sikujua kama niusome. Mzee akasema, "Soma." Nikausoma. Mjukuu mmoja akauliza, "Babu, ulisema nini hapo?" Mzee akamwambia aende akalete kuni.

Tukafika kwenye ng'ombe. Wajukuu walikuwa hawajawahi kusikia majina yale. Nilipomtaja yule aliyezaa mapacha, Mzee akainua mkono.

"Si huyo. Huyo alikuwa wa shangazi. Wa kwetu alikuwa na doa jeupe."

Dada akafungua kalamu akasahihisha. Mzee akataka aone kalamu ikiandika, ingawa hawezi kusoma. Kisha akataja pia ng'ombe wawili aliosema aliwasahau siku ile, na sasa ni 25, si 23. Dada akaniangalia. Nikadhani atauliza kwa nini idadi imebadilika. Akaandika tu 25, na pembeni tarehe ya siku ile.

Tangu hapo Mzee amekumbuka mwingine. Aliniita Jumapili baada ya ibada akanipa jina lake, akanituma nilifikishe Kampala. Nimelituma Jumatatu.

Huyo ndiye wa 26. Na mama yule wa kisimani aliyeniuliza kama nimemtoa shambani kwa ajili ya hadithi: mama, kama unasikiliza, nimekuja kwako mara mbili sikukukuta. Nitakuja tena Jumamosi, bila simu mfukoni.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutakuwa na muuguzi wa kituo cha afya atakayejibu maswali yenu kuhusu chanjo za watoto. Leteni maswali kwa viongozi wa vijiji hadi Jumanne.

(Muziki wa kufunga.)